Petroli Iliyonywewa na Foleni ya Darajani

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa gari langu la mwisho, na vijana wa yadi wakanijia na daftari na kalamu wakisema, Mzee Klementi, andika. Niandike nini, mimi niliyeishia darasa la pili kule Kibosho kwa mapadri, tena hilo la pili lenyewe sikulimaliza kwa sababu ya ng'ombe wa baba. Mkikuta herufi zimelala chali, zinyanyueni wenyewe. Habari za mshahara na vyeo sitaandika. Nitaandika kuhusu foleni, maana nawasikia mkilalamika kila siku kwamba foleni inawachelewesha. Kuchelewa si kitu. Foleni inakunywa. Mimi nimeona ikinywa kwa macho yangu, na kabla ya kuona nilikuwa karibu kumpeleka mtu mwema kifungoni kwa ajili ya ilichokunywa.

Nilianza kazi kwa Bwana Feruzi, Mwislamu wa mjini Moshi, baba yake Mwarabu na mama yake Mnyamwezi, mwenye duka, ghala na lori moja. Lori lenyewe lilikuwa la pua ndefu na bodi ya mbao. Siku ya kwanza nilifika asubuhi nikiwa nimevaa viatu vya kaka yangu, vinabana, nikadhani nitaulizwa kama najua kuendesha. Hakuniuliza. Alinikagua mikono, akanusa vidole vyangu, akasema, "Hujawahi kuiba petroli."

"Sijawahi hata kuigusa, Bwana."

"Basi utajifunza." Sikujua kama alimaanisha kuigusa au kuiba.

Bwana Feruzi alikuwa na ufito wa mwanzi, mrefu kama mkono, aliokuwa akiutumbukiza kwenye tangi kila lori linapotoka na kila linaporudi. Hakuhesabu kwa galoni, alihesabu kwa pingili za ule mwanzi. Kwenda Kibosho na kurudi, petroli inashuka pingili tano. Ukirudi imeshuka tano na robo, alikuwa anakuzunguka kama mnunuzi anavyozunguka mbuzi mgonjwa. Alikuwa na alama yake ya kisu juu ya ufito ili mtu asije akaubadilisha. Wakati mmoja alitaka kupiga lakiri kwenye mfuniko wa tangi kama barua ya serikali. Akawasha mshumaa ayeyushe lakiri, akainama nao juu ya tangi. Sisi wote tulikimbia, wengine hadi sokoni. Mkewe ndiye aliyempigia kelele kutoka dirishani. Tangu siku hiyo alitumia kufuli, na ufunguo wake alitembea nao shingoni.

Dereva alikuwa Mzee Athumani. Hakuwa mzee kwa miaka, lakini alikuwa ameendesha magari tangu magurudumu yakiwa mpira mtupu usio na upepo, kwa hiyo hata watu wa rika lake walimwamkia shikamoo. Alikuwa mtu wa mjini, mfupi, kofia ya kitambaa haitoki kichwani. Mimi nilikuwa dereva wa pili, maana yake mtu wa kupiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini iwake, na kusubiri. Na hendeli niwaambieni ninyi mnaowasha gari kwa kidole kimoja: kidole gumba kinakaa upande mmoja na wenzake, hukizungushi upande wa pili. Injini ikirudisha teke na gumba lako liko upande wa pili, hutafunga vifungo vya shati tena. Mzee Athumani alinionyesha hilo kwa kunipiga gumba kwa bisibisi. Sikusahau.

Alinifundisha kukanyaga mafuta kana kwamba chini ya kiatu kuna yai. Alinifundisha kuweka kiganja juu ya boneti na kusikia kama injini ina homa. "Wewe mtu wa migombani," alikuwa ananiambia, "gari halipigwi kama punda. Linasikilizwa."

"Na punda naye anasikilizwa, Mzee."

"Punda wa kwenu labda. Wa kwetu mjini hawana la kusema."

Miezi mitano tulikwenda hivyo, pingili tano, Bwana Feruzi akapata usingizi. Halafu ukaja msimu wa kahawa.

Mnaojua Moshi ya leo itabidi mfute majengo mengi kichwani. Kahawa yote ya upande wetu ilishuka kwa njia moja ya vumbi, ikavuka daraja la mto Karanga, na daraja lilikuwa la gari moja tu kwa zamu. Baada ya daraja unapanda kidogo, unaingia mjini hadi lango la kinu cha kahawa, na langoni kuna mizani moja na karani mmoja anayekunywa chai. Foleni ilianzia kwenye mizani, ikarudi hadi darajani, na siku mbaya ikapanda ule mteremko wa upande wetu mpaka migombani kwa watu. Malori, magari ya kukokotwa na ng'ombe, akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani wakipita katikati na kutucheka. Walifika sokoni, wakauza, wakarudi, wakatukuta pale pale. "Bado mko hapa? Tuwaletee kiburu?" Na kiburu chao, ndizi na maharage, tulikula kweli.

Foleni ile ilikuwa na sheria ambayo hakuiandika mtu. Gari linalonguruma limo kwenye foleni. Gari lililonyamaza limekufa, na gari lililokufa linapitwa. Ukizima injini tu, aliye nyuma yako anapiga honi mara moja, anatoka pembeni, anakupita, na wote walio nyuma yake wanamfuata kama siafu, na wewe siku yako imekwisha. Kwa hiyo hakuna aliyezima. Malori ishirini yamesimama, yote yananguruma. Ukiona mwenzako wa nyuma anakuangalia sana, unakanyaga mafuta, vuum, kumwambia bado niko hai. Naye anajibu, vuum. Tulikaa hivyo tangu asubuhi hadi alasiri tukivumishiana, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ni upuuzi. Tuliona ndiyo kazi.

Siku ya kwanza ya msimu Bwana Feruzi alitumbukiza ufito, akautoa, akautazama, akautumbukiza tena. Pingili saba. Siku ya pili, nane.

"Athumani. Njia ni ile ile?"

"Ni ile ile, Bwana."

"Mzigo ni ule ule?"

"Ni ule ule."

"Dereva ni yule yule?"

"Ndiye mimi."

"Basi petroli inakwenda wapi?"

"Foleni inakunywa, Bwana."

"Foleni ina mdomo? Gari likisimama linakula nini?"

"Ng'ombe akilala bado anacheua," alisema Mzee Athumani, akaenda zake kunawa.

Mimi nilikuwa nimesimama pale, na ninawaambia ukweli, sikumwamini. Gari halitembei, petroli inashuka, nani atakubali hilo? Nilijisemea, ana maneno matamu mno huyu, na mtu wa maneno matamu ana kitu mgongoni.

Tena msidhani ilikuwa jambo dogo. Wazungu walikuwa wanapigana vita vyao huko kwao, na huku petroli ilikuwa ya kibali. Bwana Feruzi alipewa madebe yake kwa karatasi kutoka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kahawa ishuke, na aliyekamatwa akiuza petroli ya kibali pembeni hakuulizwa mara mbili, alifungwa. Bwana Feruzi aliniita ghalani kati ya magunia, akafunga mlango.

"Klementi, wewe una macho?"

"Ninayo, Bwana."

"Basi yatumie. Ana mahali anapoitoa. Ukinionyesha mahali hapo, usukani ni wako."

Usukani! Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimechoka kupiga hendeli, na kule nyumbani nilikuwa nimeshamwambia binti mmoja wa watu kwamba mimi ni dereva. Nilitoka ghalani nikiwa tayari nimemfunga Mzee Athumani moyoni mwangu.

Mtu akishaanza kumtilia mwenzake mashaka, kila kitu kinakuwa ushahidi. Akisimama kusalimia watu, nilihesabu watu. Akifuta mikono kwa kitambaa, nilinusa kitambaa. Akiimba, nilisema anaficha hofu. Asipoimba, nilisema hofu imemshinda. Siku ya tatu nikaona kitu. Chini ya kiti chake kulikuwa na debe, limefungwa kwa majani makavu ya mgomba na kamba, na kila tukikaribia darajani alilisukuma ndani kwa kisigino lisionekane. Sikulinusa. Sikuligusa. Ningelitikisa tu ningejua. Lakini nilishajua, kwa hiyo nijue nini tena? Jioni nilimwambia Bwana Feruzi, "Ana debe chini ya kiti."

Kesho yake tuliporudi tulimkuta Bwana Feruzi getini na askari mwenye kofia nyekundu. Mzee Athumani akateremka, akasalimia. Bwana Feruzi hakuitikia, akaingiza mkono chini ya kiti, akalivuta debe, akakata kamba kwa kisu. Askari akachovya kidole, akanusa, akalamba.

"Maji," alisema.

"Maji ya nini?" Bwana Feruzi akauliza kwa ukali, kana kwamba maji nayo ni ya kibali.

"Ya rejeta," alisema Mzee Athumani. "Gari likinguruma limesimama, halipati upepo, linachemka. Pale darajani watu huiba maji yako ukigeuka, ndiyo maana nayafunga." Halafu akageuza shingo polepole akaniangalia mimi. Hakuangalia kwa hasira. Alinikagua mikono, kama Bwana Feruzi siku ile ya kwanza.

Mngedhani yaliishia hapo. Bwana Feruzi alikuwa mtu wa aina nyingine. Askari alipoondoka aliniambia, "Kwa hiyo ni mjanja kuliko nilivyofikiri." Na ufito ulikuwa bado unasema nane. Bwana Shauri naye alikuwa ameshauliza mbona kibali kinaisha kabla ya mwezi. Bwana Feruzi akapiga hesabu yake: Jumamosi, ufito ukisema tena nane, yeye mwenyewe atampeleka Athumani kituoni, debe au bila debe, kabla hajapelekwa yeye. Alinivua ile imani ndogo iliyobaki kwa Mzee Athumani, akanivalisha ufunguo wa kufuli shingoni, akanipa na ufito. "Pima kila mnaposimama. Utajua anapoitolea." Mzee Athumani aliuona ule ufunguo kifuani kwangu asubuhi yake. Alinipisha tu nipande, kama anavyopishwa mkubwa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Tulipakia Kibosho, wapakizi wawili wakalala juu ya magunia, tukashuka. Karibu na daraja tukaikuta foleni imeganda. Gari la ng'ombe lilikuwa limevunjika gurudumu katikati ya daraja, na mwenye ng'ombe amekwenda kutafuta fundi mjini, na ng'ombe wamelala. Tukasimama pale kwenye mteremko, injini inanguruma. Nyuma yetu alikuwa dereva mmoja wa Machame, Filipo, mtu mnene mwenye sauti ya kengele.

Nikateremka, nikafungua kufuli, nikatumbukiza ufito. Nikaweka alama kwa ukucha. Halafu nikakaa juu ya jiwe pembeni ya tangi. Nilikaa pale makusudi. Nilisema leo sitatoa jicho hapa, atakuja, atajitia anakagua gurudumu, nitamshika. Mzee Athumani hakuja. Alikaa kwenye usukani, mguu kwenye mafuta, akivuma kila Filipo alipovuma. Jua likapanda. Akina mama wa ndizi wakapita, wakarudi. Lori halikusogea hata urefu wa kamba ya mbuzi. Jua lilipokuwa utosini nikafungua kufuli, nikatumbukiza.

Pingili mbili zimeshuka.

Nikadhani nimeshika ufito vibaya. Nikapima tena. Nikalala chini ya tangi nikatafuta tundu, nikapitisha kiganja kote, pakavu. Nikafuata bomba mpaka mbele kwenye injini, pakavu. Mtu hakugusa. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale. Kama kuna mwizi aliyekuwa karibu na petroli ile, ni mimi. Nikanyanyua kichwa, nikasikia kwa mara ya kwanza ile kelele yote, malori ishirini na kitu yakinguruma mahali pamoja, moshi wa bluu umekaa juu ya migomba, na hakuna linalokwenda popote. Na Filipo nyuma yetu, vuum. Na Mzee Athumani, vuum. Ndipo nilipoona inavyonywa.

Niliona aibu ambayo sijui kuiandika. Nilitaka kumwambia, lakini mdomo ulikataa. Sisi Wachagga tuna jambo letu. Kando ya barabara palikuwa na mpaka wa kihamba cha mtu, shamba lake la migomba, na mpakani tunapanda isale, mmea wa majani marefu, kila mtu wa mlimani anaujua. Isale ikiwa mpakani, huvuki. Na ukimkosea mtu mpaka hujui useme nini, unamletea jani la isale, na akilipokea ameyapokea maombi yako. Nilikata jani moja, nikalifunga fundo, nikaenda mlangoni kwake.

"Hili la nini?" aliuliza.

"La kuomba radhi, Mzee."

"Huna mdomo?"

"Mdomo wangu ndio uliokosea."

Alilishika, akaligeuza. "Ulikuwa unanusa kitambaa changu," alisema.

"Nilinusa."

"Na huo ufito unasema nini?"

"Mbili. Na hatujasogea."

Akacheka kidogo puani. "Nilimwambia ng'ombe anacheua." Lile jani hakulirudisha, na mimi nimesimama pale kama mtoto wa komunyo. Nikamwambia, "Mzee, zima."

"Nizime? Filipo atanipita kabla sijavuta pumzi."

"Tuko kwenye mteremko. Ukiachia breki na kutia gia linawaka lenyewe. Huhitaji hata hendeli."

"Najua. Hapa hata mbuzi anawasha gari. Filipo ndiye shida."

Halafu yeye mtu wa mjini, asiye na kihamba wala isale, akateremka, akalichomeka lile jani mbele ya boneti, wima, fundo likionekana. Akaniambia niweke mawe kwenye magurudumu. Akazima.

Ule ukimya ulikuwa na uzito. Wapakizi wakaamka juu ya magunia wakidhani tumefika. Filipo akapiga honi. "Ninyi! Mmekufa huko?" Akatia gia, akaanza kutoka pembeni. Nikasimama barabarani, nikamwonyesha boneti. Lori lake lilifika sambamba na letu, akaliona jani, akakanyaga breki mpaka magunia yake yakasogea.

"Nani kaweka isale hapo?"

"Mimi."

"Klementi, unaweka isale kwenye gari? Wewe ni mzima?"

"Pita basi kama unaweza."

Alilitazama jani, akatazama daraja, akatazama tena jani. Yeye alikuwa mtu wa Machame, alikuwa na mama aliyemfunza kwamba isale haivukwi. Hakupita. Alirudi nyuma taratibu, akitukana, na aliporudi mahali pake akakaa kidogo, kisha nikamwona anateremka na kisu kwenda kwenye ule ule mpaka. Kabla ya alasiri kulikuwa na majani kwenye boneti saba au nane, na mwenye kihamba ametoka na panga kuuliza nani anamnyonyoa mpaka wake. Injini zilikuwa kimya. Tulisikia mto. Miezi yote ile sikuwahi kusikia kwamba Karanga ina sauti.

Mwenye ng'ombe alipoleta fundi na daraja likafunguka, tuliachia breki mmoja baada ya mwingine, kila gari likawaka kwa mteremko, na hakuna aliyempita mwenzake.

Ijumaa tulifanya hivyo hivyo. Jumamosi tuliporudi yadi, Bwana Feruzi alikuwa getini, na askari yule yule amekaa kwenye sanduku akila karanga. Nilimpa ufunguo na ufito. Akafungua, akatumbukiza, akautoa.

Pingili tano na kidogo.

Akatumbukiza tena. Akatafuta alama yake ya kisu kwenye ufito, akaiona. Akanusa. Akalamba, akatema.

"Nani kaongeza?" akauliza.

"Bwana," alisema Mzee Athumani, "nani atatia petroli yake ya kibali kwenye tangi la mwenzake?"

Askari akacheka, akapangusa maganda mapajani, akasema kama hakuna mwizi yeye anakwenda nyumbani. Bwana Feruzi hakusema samahani, hakuwa na neno hilo. Alisimama na lile kufuli mkononi akiligeuza, halafu akalitundika kwenye msumari wa ghala, na ninyi mliowahi kuingia kwenye ghala lile mlilikuta pale, limeshika kutu.

Mimi nikamfuata Mzee Athumani mbele ya lori. Jani lilikuwa limekauka kwa joto la boneti, fundo limekaza. Alilichomoa, akalitia ndani ya kofia yake.

"Mzee, umenisamehe?"

"Nimelipokea, sivyo?" alisema. "Kesho kutwa usukani ni wako. Mimi nitakaa kwenye kiti chako."

Nikafurahi, mjinga mimi. "Utapumzika, Mzee."

"Hapana," akasema. "Nitakuangalia."

Na aliniangalia kweli, msimu mzima, kila nilipofuta mikono.